Mtemi wa Miezi Saba

Luhaga alitawala miezi saba tu akiwa mtemi, yaani chifu wa Kisukuma. Mwaka 1963 serikali ikafuta utemi, naye, kijana wa miaka ishirini na mitatu, akavua ngozi ya simba na kujifunza kuziba pancha. Tangu hapo alikuwa fundi baiskeli pale Kisesa, kucha nyeusi kwa grisi, na bado wanawake walimpigia magoti katikati ya spoku na matairi, wakimwita Mtemi. Tena alikuwa mdadisi huyo! Ukimpelekea baiskeli, ungehojiwa kwanza wewe, ndipo baiskeli ipinduliwe.

Mwaka 1994 Bruno, Mwitaliano fundi mitambo wa kiwanda cha minofu ya samaki mjini Mwanza, alikatikiwa na mnyororo wa baiskeli mbele ya Luhaga, akielekea makumbusho ya Bujora kutazama ngoma za watemi.

"Kwenu mtemi yupo?" Luhaga akamuuliza.

"Alikuwepo mfalme. Mwaka arobaini na sita watu wakapiga kura, wakamtoa. Hata mama yangu alipiga. Mfalme huyo alikuwa ametawala mwezi mmoja na siku chache."

Luhaga akaweka koleo chini. "Waliulizwa? Mmoja mmoja? Wangapi walimtaka?"

"Zaidi ya milioni kumi. Waliomkataa wakawazidi kwa karibu milioni mbili."

Milioni kumi! Jambo hilo likamganda. Yeye alitolewa kwa karatasi kutoka Dar es Salaam. Watu wake hawakuulizwa. Wangeulizwa, wangesemaje? Alitaka kujua kuliko alivyotaka kula. Uchaguzi wa vyama vingi ulikuwa mlangoni, basi akachukua fomu ya udiwani.

Akapata kura sitini na moja. Mpinzani wake, Mwalimu Gladness, akapata zaidi ya mia tisa.

Ilimuuma, tusifichane. Kesho yake jirani yake Ng'washi, muuza dagaa, akaja, akapiga magoti kama kawaida.

"Mama, ulinipigia kura?"

"Hapana, Mtemi."

"Na magoti haya?"

"Magoti ni yako. Lakini Gladness akituudhi, miaka mitano ikiisha tunamtoa. Wewe tungekutoaje? Nani angethubutu?"

Luhaga akafuta grisi mikononi, akamshika, akamwinua.

"Kuanzia leo nisalimie umesimama."

Ng'washi hakujua mikono aiweke wapi. "Shikamoo, mzee Luhaga," akasema kwa woga.

"Marahaba," akaitikia. Halafu, kwa kuwa hakuweza kujizuia, akauliza, "Na huyo Gladness, barabara yetu anasemaje?"