Kizuizi Kinachojifunga Chenyewe

Fundi Cheche alikuwa na mdomo. Ukimpelekea geti la kurekebisha, kwanza atakwambia aliyelichomelea mwanzo angefaa zaidi kuuza maji, ndipo ashike kazi. Watu walimvumilia kwa sababu mkono wake haukuwa na mpinzani mjini. Ila kulikuwa na kazi yake moja ambayo hakuitaja kamwe, nayo kila aliyeingia mjini aliiona kabla ya kuona nyumba.

Enzi za vita, Kamanda aliyeushika mji alimwita barabara kuu akamwagiza kizuizi cha kufungia njia. Kwa kawaida uzito hufungwa upande wa nyuma, ili mlinzi anyanyue chuma bila kuhema. Kamanda alitaka kinyume chake, uzito uwe mbele.

"Walinzi wangu wanasinzia," alisema. "Wakiiachia kamba, nataka njia ijifunge yenyewe."

Cheche alikubali, maana bunduki zilikuwepo na wanawe walikuwa wadogo. Hapo hana lawama. Lakini aliupima uzito ule, akaupima tena, mpaka chuma kikawa kinashuka taratibu bila kelele. Hilo la kelele hakuagizwa na mtu.

Kisha amani ikaja, pamoja na wageni wenye tai na kamera zao. Mkataba ukagawa wizara, ukagawa magari, na kizuizi kikabaki kwa Kamanda, ambaye tangu siku hiyo huitwa Mheshimiwa. Kikapakwa rangi mpya. Kila lori la unga kutoka bandarini lilisimama pale mpaka dereva alipe na kukiona cha mtema kuni. Redioni wakasema ngano imeshuka bei dunia nzima; hapa ikapanda. Wataalamu waliotumwa kuchunguza kwa nini watu ni maskini walipita chini ya chuma kilekile, wakapigiwa saluti, wakaenda kuandika kwamba tatizo ni ukame.

Dada mkubwa wa Cheche, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, alikuwa akioka mikate. Unga ulipoadimika tanuri likapoa, wafanyakazi wakaenda zao. Dada hakumlaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililomkereketa Cheche. Angelaumiwa angejitetea, kwa kujitetea alikuwa fundi vilevile.

Mwaka huu lori lililokatika breki likakivaa kizuizi, na ekseli, ule mhimili uliokishikilia, ikapasuka. Walinzi wakapanga mapipa barabarani; madereva wakapiga honi na kuyasukumia mtaroni. Mlinzi ambaye mshahara wake ni hadithi hawezi kusimama mbele ya lori kwa ajili ya tumbo la mkubwa. Malori yakapita, unga ukashuka bei, dada akawasha tanuri na kuwaita watu wake. Mtaa ukaanza kuamshwa na harufu ya mkate.

Ndipo Mheshimiwa akamwita Cheche. Safari hii hakukuwa na bunduki. Alipewa hata kiti na soda.

"Fundi, wengine wamejaribu wamechemsha," alisema Mheshimiwa. "Cha umeme kutoka nje ni hadithi ndefu. Niambie ukweli, hiki kinatengenezeka au ndiyo basi?"

Jibu lilikuwa jepesi: ndiyo basi, Mheshimiwa, chuma kimechoka. Maneno hayo tu. Hakuna aliyekuwepo pale aliyejua chuma. Wangeamini, naye angekwenda zake nyumbani. Lakini Cheche alikuwa ameshainama, ameshauona mshono wa fundi aliyemtangulia, umejaa vinundu na mashimo. Damu ikamchemka.

"Nani kawachomelea uchafu huu?"

"Yule kijana wa soko jipya."

"Huyo si fundi! Nileteeni ekseli nyingine. Jua halizami kabla hakijafanya kazi."

Aliyasikia maneno yake yakiwa yameshatoka. Bado angeweza kulipua kazi, mshono uachie baada ya wiki. Mkono ulikataa. Alisafisha chuma, akachomelea, akapiga msasa, na alipoiachia kamba, kizuizi kikashuka kama zamani.

"Wewe ni kiboko!" Mheshimiwa akampiga begani.

Na Mungu amsamehe, alifurahi. Furaha ikadumu mpaka lori la kwanza liliposimama na dereva kuteremka, kofia mkononi.

Alipita kwa dada. Dada alikuwa na unga mpaka viwikoni, anacheka na wafanyakazi wake.

"Mdogo wangu, umekuja wakati mzuri! Shule imekubali, tutawapelekea mikate kila asubuhi. Lori la unga linaingia kesho."

"Dada, usiwaahidi."

"Nimeshaahidi. Kwani kuna nini? Njia si imefunguka?"

Alitamani kusema wamemlazimisha. Uongo huo nao ungeaminika, kwa dada hasa.

"Nimeifunga mimi," alisema. "Leo hii. Wala hakuna aliyenishikia bunduki."

Dada hakupandisha sauti. Alifuta mikono yake, kidole kimoja kimoja.

"Umekitengeneza vizuri?"

"Vizuri, dada."

Dada akawageukia wafanyakazi, akawaambia wavue aproni.