Aliyezungumza na Wenye Bunduki

Siku ile mimi na dada yangu Godeliva tulikuwa tunang'oa maharage, na yeye, kama kawaida yake, hakunyamaza. Alikuwa mkunga wa kijiji chetu, huko Burundi, karibu na mpaka wa Tanzania. Alinisimulia jinsi alivyomfukuza mume mmoja aliyetaka kumfokea mkewe katikati ya uchungu. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Milio ya risasi ilianzia upande wa barabara. Wanaume wetu walitangulia. Walisema wanakwenda kutazama njia. Salvatori, mwenye baiskeli pekee pale mtaani, alitazama njia mpaka akafika Tanzania.

Tukabaki wanawake tisa na watoto. Godeliva akatuongoza.

Kabla ya mto wa mpakani kulikuwa na gogo njiani. Vijana watano, bunduki tano.

Godeliva aliwaendea peke yake, mikono ikionekana.

"Mwanangu," alimwambia mkubwa wao, "mama yako anaitwa nani?"

"Inakuhusu nini?"

"Huenda nilikuzalisha mimi. Wapishe hawa."

Walizungumza muda mrefu. Mwishowe yule kijana akasogeza gogo kwa mguu.

"Wapite. Wewe mwenye maneno utabaki."

Godeliva alinigeukia. "Nendeni. Usinisubiri."

Tulipita.

Sikusikia mlio wowote nyuma yangu. Mpaka leo sijui ni nini kilifuata.

Miaka ikapita kambini, huku Kasulu. Tulizaa, tulizika, tulitembea hadi karibu na msitu wa Kagerankanda kutafuta kuni, na waliobakwa huko walirudi na kuni zao kichwani kwa sababu chakula kilipaswa kupikwa. Tulipoomba wasindikizaji, tuliambiwa suala letu limepokelewa.

Kisha ukaja mkutano wa wanawake, amani na usalama. Palikuwa na turubai jipya na bango lenye picha ya mama anayetabasamu. Kwenye meza kuu walikaa wanaume sita. Sisi, wenye mkutano, tulikaa nyuma karibu na masufuria, maana wali ulikuwa wetu kuupika na wimbo wa kukaribisha wageni ulikuwa wetu kuuimba.

Mgeni kutoka mjini, mwanamke mwenye sauti ya upole, alisoma karatasi. Alimpongeza mwenyekiti wa kamati ya amani, Mzee Salvatori, ambaye kwa ujasiri alizungumza na wenye silaha hadi wanawake na watoto wakavuka mto salama.

Watu walipiga makofi. Salvatori aliinamisha kichwa kama mtu anayeona haya kusifiwa. Aliinamisha vizuri sana. Nadhani alifanya mazoezi.

Niliweka mwiko chini nikasimama.

"Aliyezungumza ni dada yangu, Godeliva. Huyu mzee alikuwa ameshavuka na baiskeli yake."

Salvatori akatabasamu kwa huruma.

"Mama huyu alifiwa," alimwambia mgeni. "Majonzi yanamchanganya."

Mgeni alinitazama. "Pole sana, mama. Kuna mtu mwingine aliyeshuhudia?"

Wanawake wanne, waliobaki kambini kati ya wale tuliopita pamoja, walisimama bila kuitwa. Mmoja alikuwa bado ameshika sahani.

"Na wanaume?" akauliza katibu wa mkutano, kalamu mkononi. "Hakuna mwanaume aliyekuwepo?"

"Wangekuwepo," nilimjibu, "asingebaki dada yangu."

Katibu aliandika. Baadaye niliomba nisomewe. Ulikuwa mstari mmoja: kina mama walipata nafasi ya kueleza hisia zao. Waliniletea karatasi niweke dole gumba. Nilikataa, na nafasi yangu kwenye kamati ya amani, nilimokuwa mjumbe, akapewa mwingine, anayeimba vizuri kunizidi. Salvatori bado ni mwenyekiti. Kuni tunazifuata wenyewe, kwa makundi, na mapanga.

Yule kijana wa kwenye gogo simchukii kama ninavyowadharau hawa. Yeye walau alimwona dada yangu, akajua kwamba yeye ndiye kiongozi wetu.

Nimepoteza shamba, nyumba, na mume aliyekwenda kutazama njia. Vyote hivyo navitaja mbele ya wageni, nao wanaandika bila swali. Ni dada yangu tu ambaye, kila nikitaka kumlilia, natakiwa kwanza kuleta ushahidi kwamba alikuwepo.