Nimemhesabia Masunga Ng'ombe

Leo nimemuuliza mtu nyumbani kwake, mbele ya majirani, ana ng'ombe wangapi.

Mimi, mzaliwa wa hapa hapa Mwandoya!

Watafiti wa chuo walinifuata Morogoro, ninakoishi tangu ujanani, niwe mwenyeji wao. Wanataka kujua ukame unavyobadili maisha ya wafugaji, ili halmashauri ipange sera baada ya kuwasikiliza wenyewe. Kazi nzuri. Niliyapitia maswali yao yote, nikasema yako sawa.

Asubuhi tukafika kwa Masunga, mtoto wa shangazi yangu.

"Mwangaluka!" nikamsalimia kwa lugha yetu.

Tukataniana kuhusu mvi. Majirani wakasogeza viti. Mahojiano yakaenda vizuri mpaka nikafika kwenye swali lile, nikalisoma kwa sauti kama karani.

Masunga akanitazama.

"Kaka, na wewe una watoto wangapi? Tuwahesabu hapa, tuone nani atapungua?"

Hakuna aliyecheka. Jirani mmoja akaaga, wengine wakamfuata. Masunga akawaambia watafiti kwa upole kwamba ana shughuli shambani.

Kwetu mifugo ya mtu haihesabiwi hadharani, isije ikapungua. Nililifahamu hilo kabla sijajua kusoma. Ndiyo maana walinichukua mimi.

Kwenye gari, mama anayeongoza utafiti ameniuliza, "Mzee, kijiji kizima sasa kitatukataa?"

Nimemwambia kesho nitarudi kwa Masunga.

Nyinyi ndugu mliobaki Mwandoya mimi nilipohama, nielekezeni: kesho naingia kwa Masunga na maneno gani?