Swichi Chini ya Kiti cha Dereva

Katika ukoo wetu neno "hapana" lipo, lakini ni kwa watoto wadogo na wauzaji wa mazulia. Ndugu akikuomba kitu unamwambia "inshallah", kisha unatafuta namna ya kumnyima huku ukionekana umepatwa na msiba. Wenye uzoefu huugua ghafla. Wengine husafiri. Mimi nilinunua swichi.

Niliinunua Matrah, mtaa wa bandarini Muscat, kwenye duka la vifaa vya boti, nyuma ya mafungu ya nyavu na makopo ya rangi. Ilikuwa swichi ya kukata umeme wa betri: kidude cheusi cha duara, kipana kama kisahani, chenye ufunguo mwekundu wa plastiki. Ukiugeuza upande mmoja, umeme unapita. Ukiurudisha na kuuchomoa, huna tena gari; una chuma chenye viti. Ndani ya kiboksi mlikuwa na funguo mbili, mmoja wa kutumia na mmoja wa kupoteza.

Gari lenyewe lilikuwa la Kimarekani, la milango miwili, umri wake karibu sawa na wangu, injini ya silinda nane na boneti ndefu kiasi kwamba nikisimama kwenye mzunguko wa barabara, pua ilikuwa imeshaingia na mimi bado natafakari. Nililinunua katikati ya miaka ya tisini kwa Mzungu mmoja wa mtaa wa Madinat Sultan Qaboos aliyekuwa anarejea kwao. Yeye alikaribia kulia. Mkewe alitusaidia kulisukuma hadi getini. Lilikunywa petroli kama ngamia aliyefika kisimani, na kiyoyozi chake kilitoa upepo wa moto, kana kwamba Muscat ina upungufu wa bidhaa hiyo. Nililipenda kuliko ninavyoweza kueleza kwa adabu.

Tatizo ni kwamba sikukaa nalo. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwenye kambi za mafuta, jangwani. Kabla yake bandarini, kabla yake ghalani, kila mahali nikikaa mpaka nijue majina ya watu, kisha naondoka. Gari lilibaki Wadi Kabir, uani kwa Mama. Baba alikuwa ameshafariki, dada yangu ameolewa, na katika nyumba ile alibaki Mama peke yake.

Mama alizaliwa Unguja, mtaa wa Ng'ambo, katika nyumba yenye baraza mbele, ambako mtu aliyetaka kuwa peke yake ilimbidi aumwe. Muscat ilimpa ukuta mrefu, geti la chuma na utulivu, na katika vitu vyote hivyo hakuna hata kimoja alichokiomba. Alichotaka ni watu. Kila siku baada ya chakula cha mchana alitandika mkeka, akapika kahawa, akaweka halwa na tende, akakaa kumngojea atakayegonga.

Na watu walikuja, kwa sababu uani palikuwa na gari.

Wa kwanza alikuwa shemegi yangu, mume wa dada. Alikuwa mtu wa ofisini, mwenye gari lake jeupe la heshima ambalo hakutaka linuke samaki. Kwa hiyo kila alipotamani nguru wa Quriyat, mji wa wavuvi, alimshusha dada na watoto kwa Mama, akaacha gari lake kivulini, akachukua langu. Wa pili alikuwa mjomba, kaka yake Mama. Yeye alimpakia mbuzi wa Idi kwenye kiti cha nyuma, kwa hoja kwamba ndani ya buti angekosa hewa. Mjomba ni mtu wa huruma. Mbuzi alichinjwa kesho yake.

"Nipe ufunguo mara moja tu," ndiyo ilikuwa kauli. Mara moja ya ukoo wetu haina saa ya kurudi. Nikirudi kutoka kambini nilikuta kiti kimesogezwa mpaka usukani, kioo kinatazama paa, magamba ndani ya buti, na tangi la petroli limesafishwa vizuri.

Basi nikaifunga swichi, asubuhi moja ya majira ya baridi. Sababu niliyoitangaza ilikuwa ya kweli kabisa: gari la zamani likilala muda mrefu, saa ya dashibodi na nyaya zilizochoka huinyonya betri taratibu, na joto letu humalizia kazi. Sikusema uongo. Niliacha tu kutaja swichi.

Mtu mwenye akili angeifunga mbele, jirani na betri, waya mfupi, akamaliza kabla chai haijapoa. Mimi nilitaka ipotee. Nilianza kwa kuutoa waya wa upande wa hasi, maana anayeanza na wa chanya hufundishwa na cheche. Mahali pake nikafunga waya mpya, mnene kama kidole gumba, nikaupitisha kwenye tundu la ukuta wa injini, tundu nikalizungushia mpira ili bati lisiukate, nikauburura chini ya zulia mpaka kwenye kiti cha dereva. Hapo nikatoboa sakafu, nikaikaza swichi kwa bolti, na kutoka kwenye swichi nikateremsha waya wa pili hadi kwenye bodi, nikiwa nimekwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, kwa sababu umeme haupiti kwenye rangi hata rangi iwe nzuri vipi.

Mama alinijia na kikombe cha chai, akakuta miguu yangu iko nje na kichwa kiko chini ya kiti.

"Unafanya nini huko?"

"Namtibu mgonjwa, Mama. Betri inakufa."

"Hospitali gani hiyo inayotoboa sakafu?"

Nikamwambia ndiyo tiba ya kisasa. Akaniachia chai juu ya paa la gari na kwenda zake.

Nilipoondoka, ufunguo mwekundu ulikuwa mfukoni mwangu. Ule wa kupoteza niliuacha ndani ya kiboksi chake, kwenye kabati la chumbani. Jangwani nililala usingizi wa mtu aliyeshinda bila kupigana.

Likizo iliyofuata nilikuta ua umefagiliwa na kiti cha dereva kiko pale pale nilipokiacha. Mama alinisimulia mkasa. Shemegi alikuja, akawasha, kimya. Akafungua boneti, akaitazama injini kama anayetazama maiti ya mtu asiyemjua. Mjomba akaleta betri nyingine, kimya vilevile. Baada ya utafiti huo wa kina mjomba alitoa hukumu kwamba gari limepigwa jicho, kwa sababu watu walilisifu bila kusema mashallah. Tangu hapo Mama alikuwa akilizungushia chetezo cha ubani kila Alhamisi.

"Ngoja nilijaribu," nikasema, kwa uso wa mtu mwenye wasiwasi. Nikainama kana kwamba nafunga kiatu, nikachomeka ufunguo, nikageuza. Gari likanguruma mpaka njiwa wa jirani wakaruka.

"Ubani umekubali," alisema Mama, na hakutabasamu.

Nilipoingia ndani, mkeka ulikuwa umekunjwa na kuegemezwa ukutani. Chupa ya kahawa ilikuwa imejaa.

"Leo hakuja mtu?"

"Waje kufanya nini? Kutazama chuma?"

"Na dada?"

"Dada yako huletwa na mumewe. Mumewe huletwa na samaki." Akamimina kahawa katika kikombe changu, akakitazama chake, akakiacha. "Siwalaumu. Watu wana shughuli zao."

Hapo nikaelewa, maana mimi si mjinga kiasi cha kutoelewa. Ni mwepesi tu wa kuondoka. Nilijiambia nitalifikiria jambo hilo kwa makini, na kufikiri ni kazi ninayoifanya vizuri zaidi nikiwa mbali na nyumbani. Nikarejea kambini. Ufunguo nao nikarejea nao.

Mara iliyofuata nilifika na teksi mchana, nikashindwa kupata pa kuweka mguu. Mlangoni palikuwa na ndara za kila ukubwa, zimerundikana kama kuna harusi. Kutoka ndani ilisikika sauti ya mjomba akibishana juu ya bei ya mbuzi, na watoto wa dada wakikimbizana. Uani, pale lilipokaa gari langu, palikuwa na alama ya mafuta na gari jeupe la heshima pembeni.

Nikamkuta Mama jikoni.

"Mama, gari liko wapi?"

"Limekwenda Quriyat."

"Limekwendaje?"

"Kwa magurudumu."

Akafunika sufuria, akanigeukia.

"Alhamisi moja nlikuwa nafukiza ndani. Kaa likaanguka, likaviringika chini ya kiti. Nikalifata na koleo nisije nikaunguza gari la watu. Nikakikuta kidude chako."

"Gari la watu gani, Mama?"

"La watu," alisema. "Kiboksi nimekikuta kabatini mwako, kina picha juu. Kusoma picha sijasahau."

Nikauliza, kwa sauti ndogo kidogo, kama amewaambia.

"Niwaambie nini? Kwamba mwanangu mbakhili? Watauliza kalelewa na nani." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Nimewaambia gari haliendi bila ya ubani wangu. Uongo huo?"

Haukuwa uongo. Utaratibu wake, kama nilivyoushuhudia baadaye, ulikuwa huu: anayetaka gari anakuja, anakaa. Mama hafukizi kwa mtu aliyesimama. Kwanza kahawa, halwa, habari za wagonjwa, za wachumba, za nani kajenga wapi. Watoto waje, kwani ubani una baraka kwa watoto. Ndipo Mama anachukua chetezo, anaingia ndani ya gari peke yake na kufunga mlango, moshi unajaa mpaka haonekani, na akitoka gari linawaka. Likirudi, anaingia tena na moshi wake, na gari linakufa. Shemegi, mtu aliyesoma ng'ambo, alinieleza mwenyewe kwamba injini za zamani zina mambo yake.

"Wallahi, shemegi," alisema, akishusha nguru kutoka kwenye buti langu, "bila ya mama yako gari hili ungelitupa."

Siku ya pili nilitaka kwenda Sur. Sikuwa na shughuli Sur. Nilitaka tu kuwa barabarani. Nilikuwa nimeshafungua mlango wa gari Mama alipotokea na kuninyooshea kiganja.

"Lete na huo wako."

"Mama, mimi mwenye gari."

"Mjomba wako yumo ndani. Akikuona unaliwasha hivi hivi, dawa yangu itakuwa nini?"

Nikampa ufunguo wangu wa swichi. Akaufunga kwenye pindo la kanga pamoja na ule mwingine, akaniambia niingie ndani nikakae.

Nikakaa mkekani baina ya mjomba na watoto wa dada. Mjomba alinisogelea na kuninong'oneza nisiwe na haraka, kwani dawa ikifanyiwa papara huharibika. Mama akaja na kahawa, akanimiminia, akaanza kuniuliza: kambini nakula nini, nani ananifulia, yule rafiki yangu mwenye kikohozi kapona, na je, kuna mwezi nilioupanga wa kutulia au bado naupanga. Nilijibu kwa ufupi, kisha kwa urefu kidogo, maana alikuwa hasikii majibu mafupi. Nje jua lilianza kulegea na barabara ya Sur si ya mchezo. Nilipomaliza kikombe nikakitikisa, kama tunavyofanya kuonyesha kwamba imetosha. Mama aliutazama mkono wangu vizuri kabisa, akamgeukia mjomba kumuuliza habari ya mbuzi wake, na huku akiongea akakijaza tena.