Koti la Machimboni

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, jua likiwa bado halijapanda sana, kaka yangu Rajabu alipoingia uani na picha mbili, moja kila mkono, amezishika kama mtu aliyeshika nge. Hakuwa amekunywa hata chai. Alizitua kwenye jamvi mbele ya bibi yetu, akasema, "Bibi, leo baada ya sala nasimama mbele ya watu. Aliyemuua baba nimemjua."

Nitakwenda polepole, maana mimi si mtu wa maneno mengi. Shule yangu iliishia darasa la saba, na usichanani nilikuwa na haya kiasi kwamba mgeni akinisalimu, nilimwitikia nikitazama ukuta.

Baba yetu alikuwa mchimba dhahabu. Kulikuwa na mji mdogo milimani, juu ya Maramba, ambao sisi watu wa Ngamiani, hapa Tanga, tukiuita Machimboni tu. Alipanda huko, kama wanaume wengi wa mtaa wetu, na jirani yetu, Mzee Kombo, wakachimba shimo moja. Siku ya mvua kubwa shimo likabomoka. Kombo akarudi, baba hakurudi, alizikwa hukohuko. Mimi nilikuwa mdogo, hata sura yake siikumbuki. Baadaye Kombo akaezeka nyumba yake bati, na hapo minong'ono ikazaliwa. "Wameingia wawili, katoka mmoja, na aliyetoka kaezeka bati," watu wakasema. Wengine wakaitikia, "Lisemwalo lipo." Maneno hayo yalikaa mtaani miaka mingi, kama moshi kwenye makuti: huuoni, lakini nguo zako zinanuka.

Hata hivyo Mzee Kombo alikuwa akija barazani kwetu kila jioni kunywa kahawa, na mwanawe Salimu alikuwa amekwisha kuniposa. Posa ilikuwa imepokewa. Nami nilimtaka, mwanangu, sikufichi.

Basi wiki ile akashuka mwanamke mmoja kutoka milimani, jina lake Debora, na sanduku la bati kichwani. Marehemu baba yake alikuwa fundi wa picha kule Machimboni, na sandukuni mlikuwa na picha za watu ambazo wenyewe hawakuja kuzichukua. Zamani picha haikutoka siku ileile. Ulipigwa, ukangoja mkanda uishe, kisha fundi akaushusha Tanga kusafishwa. Mchimbaji aliweza kufa kabla hajaiona sura yake. Debora alikuwa akiwarudishia jamaa picha zao, na hakutaka kitu.

Huko kutotaka kitu ndiko kulikowatia watu shaka. Jirani mmoja alijifunika kanga mpaka puani, akasema, "Mtu atoke mlimani kwa nauli yake, aje kutupa vitu bure? Huyo anatafuta nyota za watu." Walikuja uani kwetu kwa kuwa uwanja wetu ni mpana. Kila mmoja alipekua upesi upesi, akampata wake, akamficha ndani ya kanga, akaondoka. Hakuna aliyemuuliza mgeni neno. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, na hata maji hatukumpa. Sisi, watu wa pwani!

Rajabu alikuwa amezipata zake mbili jana yake, na asubuhi ile ya Ijumaa Debora alikuwa bado pale mlangoni na sanduku lake. Ya kwanza ilikuwa ya baba: amesimama wima, kavaa koti jeusi la vifungo vikubwa, kalamu mfukoni, saa mkononi. Ya pili ilikuwa ya Mzee Kombo alipokuwa kijana. Koti lilelile. Kalamu ileile. Saa ileile.

"Unaona sasa?" Rajabu alimwambia Bibi. "Kamfukia mwenzake, kamvua koti, kamvua saa, kisha kaenda kupiga picha! Na posa ya Mwanaidi irudi leo."

Nikaona Salimu ananiponyoka. Nikajua pia kwamba maneno yalikuwa yamekwisha kutoka nje, kwa sababu usiku wa jana yake Rajabu aliyatoa barazani, kwenye kahawa. Mzee Kombo alipofika kuketi, watu waliinuka mmoja mmoja, kila mtu na udhuru wake, mpaka akabaki yeye na birika.

Bibi alitafuna tambuu yake kwa muda. Yeye ndiye mama yake marehemu, na macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Aliona mwanga na kivuli tu. Tulidhani atalia. Badala yake akaniita.

"Mwanaidi. Njoo unisomee picha."

"Bibi, picha haisomwi."

"Basi nisimulie. Mimi sioni, na hawa wanaoona hawatazami."

Nikaketi. Sauti yangu ilikuwa ndogo hata akanigonga goti. "Sema, mtoto. Hapana anayekula msichana hapa."

"Huyu ni baba," nikaanza. "Kavaa koti jeusi. Kalamu iko mfukoni..."

"Kalamu?"

"Ndiyo, Bibi. Kalamu."

Akacheka kicheko kifupi, kikavu. "Mwanangu nilimzaa mimi. Chuo cha Kurani alikikimbia, shule hakuiona mlango. Hiyo kalamu alikuwa akijikunia?"

Rajabu akasema, "Bibi, huenda alijifunza huko huko."

"Wewe nyamaza, ulimi hauna mfupa. Mwanaidi, toa nyingine sandukuni."

Nikatoa nyingine. Mtu mfupi nisiyemjua. "Kavaa koti jeusi, Bibi. Mikono imemeza vidole vyake."

"Nyingine."

"Huyu mrefu. Koti limemwishia juu ya kiuno, anaonekana kama kaazima la mtoto. Lina... lina kalamu mfukoni." Hapo sauti yangu ilianza kupanda yenyewe. Nikatoa nyingine, na nyingine, nikazipanga jamvini. Mzee wa ndevu, kijana mwenye kovu, mtu na mkewe. Na koti lile likapita kifua hadi kifua kama kata inayopitishwa kwa wenye kiu. Saa nayo ilikuwa kwenye kila mkono.

"Haya, Rajabu," Bibi akasema. "Hao wote Kombo kawaua?"

Rajabu akainamia zile zake mbili. Bibi akageuza uso kuelekea mlangoni. "Mwanangu wa mlimani, samahani, hatujakukaribisha vizuri. Koti hilo la nani?"

Debora akashtuka kuulizwa. "La baba, Bibi. Lilikuwa linaning'inia msumarini studio. Wachimbaji walitoka shimoni na tope mpaka masikioni, nani angekuwa na koti? Wakinawa uso, wanavaa lile. Na saa ilikuwa mbovu, haikutembea hata siku moja."

"Mbona hukusema tangu jana?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Bibi akanituma nikamwite Mzee Kombo kabla ya adhana. Mimi, wa kutazama ukuta! Nilikwenda mpaka mlangoni kwake, nikasema shikamoo na ujumbe wangu kwa pumzi moja. Alikuja nyuma yangu, na alipofika hakuketi.

"Kombo," Bibi akamwambia, "nieleze habari ya koti."

Alizitazama picha zile jamvini kwa kitambo. "Miaka yote hii, mama, nilingoja mtu wa nyumba hii aniulize habari za mwenzangu. Mlinipa kahawa, hamkuniuliza."

"Sasa nakuuliza."

"Tulipiga siku moja. Yeye kwanza. Alicheka kwa ajili ya kalamu, akasema, 'Mama akiiona hii atadhani nimekuwa karani.' Kisha akalivua, akanipa. Lilikuwa bado na joto lake nilipolivaa." Akaigusa picha ya baba kwa kidole. "Wiki ileile shimo likabomoka. Nilichimba kwa mikono mpaka kucha zikatoka. Sikurudi kuichukua picha yangu. Ningeitazamaje?"

Hapo ndipo Bibi alipolia. Rajabu naye alipiga magoti akaushika mkono wa Mzee Kombo, akaubusu, akaomba radhi kwa maneno yaliyokatikakatika. Bibi akamwambia mbele yetu sote, "Mchimba dhahabu kuezeka bati, ajabu yake nini? Mngeshangaa angeezeka mabua. Kuuliza si ujinga, Rajabu. Ujinga ni kupata jibu kabla hujauliza. Ulipata wako wawili, ukafunga sanduku."

Salimu alinioa. Mzee Kombo alisamehe, na alirudi barazani. Lakini nikueleze jambo moja nililoliona mimi niliyezoea kutazama pembeni. Tangu siku ile mpaka tulipomzika, kila Rajabu alipommiminia kahawa, mzee alikishika kikombe, akakizungusha, akazungumza habari za mvua na nazi. Hakunywa mpaka Rajabu atangulie. Kaka yangu aliliona hilo pia. Alikunywa upesi, kahawa ya moto, akaungua ulimi, ili mzee naye anywe.

Mwanangu, siku hizi picha ziko mkononi mwako, kwenye simu, na kila saa inaingia mpya ya kumtia mtu doa. Unamwona jirani kasimama na nani, kavaa nini, unafunga sanduku. Nakusihi, kabla hujasimama mbele ya watu, toa picha zote uzipange jamvini. Mpe mgeni maji, umuulize anachokijua. Mtuhumiwa mwendee mwenyewe, ukiwa na swali, usiende na hukumu. Maji yakimwagika hayazoleki, na shaka ukishaimimina kwa mwenzako, hata akikusamehe, itabaki chini ya kikombe kama machicha.

Mungu akujaalie macho ya kutazama mpaka mwisho, na haya isiyokuzuia kuuliza. Na kila utakayemmiminia kahawa, mwanangu, apokee na anywe bila kukungoja. Amin.