Bayo na Ule Moshi wa Meneja

Hata sasa nasubiri aliyenipigia simu aseme amekosea mtu. Bayo amefariki! Bayo wa Maretadu, bwana mifugo wetu enzi za mashamba ya ngano ya serikali, Hanang.

Kwa mliozaliwa juzi: shamba lilichukua malisho ya wafugaji. Ili kuwatuliza, likaleta mbegu za madume ya kisasa, zimegandishwa ndani ya mtungi wa nitrojeni. Baridi ile si ya friji ya soda, jamani. Nitrojeni ikiisha, mbegu zimekufa.

Kulinda baridi ile ndiyo ilikuwa kazi ya Bayo. Mimi nilikuwa dereva wake. Njia ya Endasak anaukumbatia mtungi kama mtoto mchanga, nikiingia shimo natukanwa mpaka tunafika.

Sasa Meneja. Suti, kitambi, kichwani hamna kitu. Wageni wakija anaimimina nitrojeni kwenye karai ili waone moshi mweupe. "Teknolojia hiyo, waheshimiwa!" Nao wanapiga makofi, wajinga wenzake.

Ng'ombe wakapandishwa, hawakushika mimba. Meneja akaandika kwenye report kwamba ng'ombe wa wafugaji ndio wabovu. Aibu hana hata ya kuazima.

Siku moja, moshi umeshaonyeshwa, bibi mmoja wa Hirbadaw akaleta ng'ombe aliye kwenye joto, anataka dume. Ndiye pekee aliyebaki naye.

"Bayo, mpandishe, wageni waone," Meneja akaamuru.

Bayo akachovya mtungini kijiti cha kupimia nitrojeni, akakitoa. Kikavu, hakina hata barafu.

"Shikamoo bibi," akasema, wote wanasikia. "Mpeleke kwa dume la jirani leo hii. Mbegu za humu zimekufa. Nitrojeni bosi amewachezea wageni."

Lo! Wiki ile ile akafukuzwa kazi. Nikampeleka stendi, akaniambia, "Acha wanifukuze. Yule bibi asije akaniita mwongo."

Leo naona Meneja kaandika humu mtandaoni: "Tumempoteza kijana wetu tuliyemlea." Ulimlea lini? Na ninyi mnaoweka vikopa chini yake, hamjui kitu, nyamazeni.

Jana wafugaji wa Hirbadaw wamefika msibani na dume la kuchinja. Hakuna aliyewaita. Wamesema wamekuja kumzika mtu wa shamba ambaye hakuwadanganya.

Meneja, wewe baki kwako.

Pumzika, Bayo. Hakuna aliyekuita mwongo. Lala pema, ndugu yangu.