Nakili, Umpe Mwenzako

Mimi ni mtu wa hasira, na wanaonijua wameshazoea. Hata blogu yangu ilianza kwa hasira. Nilitaka kujifunza kutengeneza tovuti, na kila maelezo niliyofungua yalidhani nina intaneti ya kasi, kompyuta mpya na Kiingereza cha chuo kikuu. Nikasema basi, kila nitakachokijua nitakiandika kwa Kiswahili cha kawaida, ili mtu wa mtaani kwetu Makongeni mwenye laptopu kuukuu asitukanwe na mashine yake mwenyewe. Mchana nafanya kazi ya ofisi katika kiwanda cha nguo hapa Thika. Jioni na Jumamosi ndipo naandika. Hakuna anayenilipa, na sijawahi kuomba malipo.

Blogu yenyewe inakaa nyumbani kwangu. Chini ya meza ya televisheni kuna laptopu iliyopasuka kioo, haina hata betri, ambayo nimeiwekea programu huria. Hizi ni zile programu ambazo waliozitengeneza wamemruhusu kila mtu azitumie, azifungue aone zilivyo ndani, azirekebishe na kuwapa wengine. Hiyo laptopu ndiyo seva yangu, yaani ndiyo inayompelekea kila msomaji ukurasa anaoutaka. Stima ikipotea, blogu nayo inapotea, na msomaji wangu mmoja wa Eldoret huniandikia kuuliza kama bado niko hai. Nimebandika karatasi kwenye plagi: USICHOMOE. Wageni huichomoa hivyohivyo wakitaka kuchaji simu, na baada ya hapo huwa hatuongei vizuri.

Kila somo ninaloandika huishia kwa maneno yaleyale: "Somo hili ni bure. Nakili, umpe mwenzako. Acha jina langu, na usimzuie mwingine kunakili." Hiyo ndiyo leseni. Watu hudhani leseni ni mambo ya mawakili. Kwangu ni adabu tu. Kila nilichonacho kwenye ile laptopu nilipewa bure na watu nisiowajua, wengine wako nchi ambazo sitawahi kufika, na ningekuwa mtu wa ajabu kama ningepokea hivyo halafu nimfungie jirani yangu mlango.

Somo la kwanza linamfundisha mtu kutengeneza ukurasa mmoja unaoitwa Kuku wa Cucu. Cucu kwetu ni nyanya, na huyu cucu ni mama yangu, anayefuga kuku nyuma ya nyumba kule mtaa wa Landless, hapahapa Thika. Nilimpiga picha kuku wake mwekundu asiye na manyoya shingoni, amesimama juu ya mtungi mweupe wa maji kwa madharau, vile anavyosimama siku zote. Kwa kuwa anayeanza huenda hana picha yake, nilimwelekeza aandike anwani ya picha hiyo ilivyo kwenye seva yangu. Kila ukurasa wake unapofunguliwa, unakuja kumchukua yule kuku chini ya meza yangu. Ni mpango wa muda tu. Katika somo la sita naeleza jinsi ya kuweka picha yako mwenyewe, ikae pamoja na ukurasa wako, usimtegemee mtu.

Dada yangu anaishi Murera na binti yake, ambaye alikuwa akisomea kompyuta katika chuo kidogo cha Ruiru, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Jumapili moja baada ya kanisa dada alinipigia simu akilia. Mtoto alikuwa amefukuzwa. Alikuwa amempa mwanafunzi mwenzake kitabu cha masomo cha chuo, naye mwenzake akakipiga picha kwa simu, kurasa zote, na mwenye chuo alisema huo ni wizi wa mali ya chuo.

Nilienda Murera mchana huohuo. Msichana alinipa kitabu bila kunitazama. Kilikuwa cha fotokopi, kimebanwa kwa plastiki, na juu kimeandikwa jina la mwenye chuo kwamba ndiye mtungaji. Nikafungua. Sentensi ya kwanza ilikuwa yangu. Ya pili yangu. Nikapekua, nikaona mizaha yangu, nikaona mahali nilipomwambia msomaji anywe chai kwanza ndipo aendelee. Nikaona kuku wa mama yangu amesimama juu ya mtungi. Jina langu halikuwepo, leseni haikuwepo, na mahali ilipokuwa leseni pamepigwa herufi kubwa: HAIRUHUSIWI KUNAKILI SEHEMU YOYOTE YA KITABU HIKI.

Nilihisi masikio yanawaka. Nilimuuliza kama alijua. Alijua. Ananiita tata, ndivyo sisi Wakikuyu tunavyomwita dada wa mama, na wiki ya kwanza tu alikuwa amenyoosha mkono darasani akasema huyu ni kuku wa cucu yake. Darasa zima lilicheka. Mwalimu akasema kuku wote wanafanana. Basi akanyamaza, akasoma masomo yangu kwenye blogu mpaka mwisho, na mwenzake aliyekuwa hana kitabu alipomwomba, akampa.

"Mbona hukuniambia?" nikauliza.

"Nilijua utaenda huko," akasema. "Na wewe ndio uliandika tupee wenzetu."

 Mtoto alikuwa amefanya nilivyosema, neno kwa neno, na ndiyo maana alikuwa nyumbani.

Kesho yake niliomba ruhusa kazini nikaenda Ruiru. Mwenye chuo alinipokea vizuri, akaagiza chai, akaniita madam. Nilimwekea simu yangu mezani, nikamfungulia blogu, nikamwonyesha kuku. Akatazama, akatabasamu, akasema vitu vya mtandaoni ni vya watu wote, na yeye amevikusanya tu kwa faida ya wanafunzi. Nikamwambia vizuri, nimekubali, ni vya watu wote, kwa hivyo mrudishe yule msichana leo. Tabasamu likapungua. Akasema hilo ni jambo lingine, yule alivunja sheria, kitabu kina haki zake. Nilimuuliza inawezekanaje maneno yaleyale yawe ya watu wote yakitoka kwangu, na yawe ya kwake pekee yakifika Ruiru. Akaniuliza kama nina cheti chochote cha kompyuta. Sina. Akaniuliza sasa kati yetu wawili watu watamwamini nani, maana huenda ni mimi niliyenakili kutoka chuoni kwake. Chai sikuinywa. Niliteremka ngazi, na nilipofika chini nikagundua kwamba nilikuwa nimesahau matusi yote niliyoyapanga njiani.

Nilitaka vita. Nilikuwa nimeanza kuandika makala ya kumwanika kwenye blogu, pamoja na picha za kurasa zikiwa mbili mbili, ya kwangu na ya kwake. Dada ndiye aliyenizuia. Alisema mimi nina kazi na meza yangu, binti yake hana kitu, na anahitaji ile karatasi ya chuo, cheti, ili aitwe kazi mahali. Akaniambia nikiendelea, atakayelipia hasira yangu ni mtoto wake. Niliiacha makala ilipokuwa.

Akaenda yeye mwenyewe, akaomba. Mwenye chuo alikubali kumrudisha msichana kwa sharti moja: asimame mbele ya darasa aseme ameiba na aombe msamaha. Dada alimwambia asimame, na alisimama. Mtoto wa dada yangu aliomba msamaha, kwa sauti, kwa kugawa maneno niliyoyaandika ili yagawiwe. Aliponieleza hakulia. Nililia mimi, kwa uchungu na ghadhabu, halafu nikaosha vyombo vyote vya nyumba, hata vile vilivyokuwa safi.

Siku chache baadaye nilikuwa naangalia seva. Mashine hizi huandika kila anayekuja kuchukua kitu, na kwa kawaida sina haja ya kusoma. Siku hiyo nilisoma. Kuku amechukuliwa. Kuku amechukuliwa. Kuku amechukuliwa. Mara nyingi kwa asubuhi moja, zote kutoka mahali pamoja, saa za masomo. Nikaenda kukichukua kile kitabu nilichokuwa nimekiomba kwa msichana, nikatazama mwisho wake. Kinaishia somo la tano. Mwenye chuo alikuwa amenakili mpaka pale alipochoka, au alipoacha kuelewa, na somo la sita hakulifikia. Kurasa zote za wanafunzi wake zilikuwa bado zinakuja Makongeni kuchukua kuku chini ya meza yangu ya televisheni.

Na siku ya wazazi pale chuoni ilikuwa Jumamosi inayofuata. Kila mwanafunzi angeonyesha ukurasa wake ukutani, kwa projekta.

Jambo la kwanza nililofanya silijutii hata kidogo. Nilitengeneza picha nyekundu yenye neno moja, MWIZI, nikaiweka mahali pa kuku kwa anwani ileile, ili kila ukurasa uichukue badala yake. Nikaitazama nikafurahi. Halafu nikakumbuka kwamba juu ya kila ukurasa kuna jina la mwanafunzi, na mojawapo ni jina la yule msichana, ambaye tayari alikuwa ameitwa hivyo mbele ya watu. Nikaifuta. Nikatengeneza nyingine, karatasi nyeupe yenye maandishi meusi, wazi, makubwa, hayohayo ninayoandika siku zote: somo hili ni bure, nakili umpe mwenzako, acha jina langu, usimzuie mwingine kunakili. Chini yake nikaandika jina langu na Makongeni. Sikumwambia msichana, wala mama yake. Asubuhi ya Jumamosi niliiweka, nikahakikisha plagi imeshika, nikavaa nguo za kanisani nikaenda Ruiru.

Nilikaa na dada yangu safu ya nyuma. Kulikuwa na maombi, kulikuwa na soda, na mwenye chuo alizungumza kwa muda mrefu juu ya kitabu chake. Kisha akamwita mwanafunzi wa kwanza. Ukutani ukatokea ukurasa wenye kichwa Kuku wa Cucu, na mahali pa kuku ikatokea karatasi yangu. Mama mmoja mbele yetu akamsomea jirani yake kwa sauti ya chini, neno kwa neno. Mwenye chuo akasema ni mtandao, akaita wa pili. Karatasi ileile. Wa tatu, ileile. Sasa akasema ni virusi. Wanafunzi walikuwa wanapekua kitabu kutafuta la kufanya, na nilijua hawatalipata kwa sababu lilikuwa katika somo la sita. Dada alinigeukia. Alikuwa amejua, na macho yake yalikuwa na hofu.

Mwenye chuo akauliza kama kuna yeyote anayeweza kurekebisha. Msichana wetu akasimama. Akapita katikati ya viti mpaka kwenye kompyuta, akashika mausi. Angeweza. Somo la sita alikuwa amelifanya kwa picha zake mwenyewe, tena vizuri kuliko mimi. Kama angeweka kuku yeyote pale, mwenye chuo angempigia makofi na karatasi yake angepewa siku hiyohiyo. Alinitafuta kwa macho mpaka akaniona. Mimi niliinamisha kichwa, maana sikuwa na haki ya kumwomba chochote zaidi.

Akaachilia mausi.

"Hakuna kitu imeharibika, mwalimu," akasema. "Hizi notes ni za tata yangu, na hivyo ndivyo ameandika. Mwenye ako na simu, apige picha. Sio wizi."

Mwenye chuo alisema projekta izimwe, lakini aliyekuwa karibu na swichi alikuwa bado anasoma. Karatasi ya chuo msichana hajapewa mpaka leo. Kila akiifuata anaambiwa mhuri haupo, na kila nikilifikiria hilo masikio yananiwaka upya. Siku ile, hata hivyo, yule mama wa mbele aliinua simu. Halafu mwingine. Halafu yule mwanafunzi aliyekuwa amepewa kitabu na msichana wetu.

Dada yangu alikuwa amefungua mkoba wake. Yule aliyeniomba ninyamaze, aliyemwambia mtoto wake asimame aseme ameiba, alitoa simu, akaipangusa kamera kwa pindo la sweta, akainyoosha mbele. 

"Sisi tuko nyuma sana," akaninong'oneza. "Hii inavuta karibu aje?"

Nikamvutia picha karibu, mpaka maneno yakajaa kioo kizima.